Vijiji Vilivyojengwa kwa Pembe

Kibonyezo cheupe cha piano ya kale ya Kimarekani kina mstari mwembamba sana unaokikata kwa upana. Uko pale ambapo sehemu pana ya mbele, inayoguswa na kidole, inakutana na sehemu nyembamba inayopenya katikati ya vibonyezo vyeusi. Ni vipande viwili vilivyounganishwa kwa ustadi, na asiyejua hauoni muungo. Ndani yake mna nyuzinyuzi hafifu zinazokwenda kwa urefu, na kama piano ilifunikwa gizani miaka mingi, weupe wake umeshageuka umanjano. Plastiki haina nyuzi hizo. Hiyo ni pembe ya ndovu, iliyopasuliwa hadi ikawa nyembamba kama ukucha, kisha ikabandikwa kwa gundi juu ya mti laini.

Piano kamili ina vibonyezo 88, na 52 kati yake ni vyeupe. Mwaka 1909 pekee, viwanda vya Marekani vilitengeneza piano zaidi ya 360,000. Anayeuliza vibonyezo vyote hivyo vilitoka wapi ataelekezwa, kwa sehemu kubwa, kwenye vijiji viwili vya jimbo la Connecticut vinavyokaribiana: Deep River, kilicho ukingoni mwa Mto Connecticut, na Ivoryton, kilichopewa jina la bidhaa yake, kilicho ndani kidogo katika mji wa Essex.

Miji midogo ya New England hujikumbuka kwa makanisa yake ya mbao yaliyopakwa rangi nyeupe, kwa manahodha wake, na kwa wanaume waliopigana na Mwingereza kutafuta uhuru. Kumbukumbu hizo ni za kweli. Lakini vitu vilivyotumika kila siku nyumbani, yaani kitana, shuka, kabati lenye vanishi, piano ya sebuleni, vina kumbukumbu pana zaidi, na mara nyingine huyasema yale ambayo maandishi ya sherehe yaliyaacha. Ukivifuata vitu hivyo kutoka Connecticut na Massachusetts, safari haiishii Amerika. Inafika Forodhani Unguja, inavuka hadi Bagamoyo, inapanda hadi Tabora na kuendelea mpaka kwenye misitu ng'ambo ya Ziwa Tanganyika.

Mambo hayakuanza na piano. Yalianza na kitana. Mwishoni mwa karne ya 18, Phineas Pratt, fundi na shemasi wa eneo la Saybrook lililojumuisha Deep River, alibuni mashine ya kukata meno ya vitana vya pembe. Kabla ya hapo kila jino lilikatwa kwa msumeno wa mkono, moja baada ya jingine, na mkono ukiteleza mara moja kipande kizima kiliharibika. Mashine iliyakata meno kwa nafasi sawa na kwa haraka, nayo iliendeshwa kwa nguvu ya vijito vinavyoteremka kuelekea mtoni. Vijito hivyo vilikuwa vingi katika bonde lile, na penye kijito kilicho na kasi palizuka karakana.

Kitana chenyewe kilikuwa kidogo, cha kutoshea kiganjani, chenye meno pande mbili. Upande mmoja meno yameachana, wa kuchania nywele. Upande wa pili meno yamebanana mno, wa kunasa chawa na mayai yao. Wanaakiolojia wa Amerika Kaskazini wanaofukua mashimo ya vyoo vya karne ya 19, ambayo ndiyo yaliyokuwa majalala ya nyumba nyingi, huvikuta vitana hivi vya pembe na vya mfupa pamoja na vifungo, viko vya tumbaku na vigae vya sahani. Si jambo ambalo familia zililipigia picha, mama akimtoa mwanawe chawa, wala ambalo watu waliliandika kwenye wasia. Kitana kilichotupwa chooni kimelihifadhi. Kinaonyesha maisha ya maji machache na kitanda kimoja cha watoto wengi, na kinaonyesha kwamba bidhaa ya kutoka mbali ilikuwa imeshaingia kwa watu wa kawaida, ikiuzwa na wachuuzi wa Connecticut waliozunguka mashambani na vyombo vya bati, saa, vifungo na vitana.

Ufundi uliozaliwa na kitana ndio uliofungua njia ya piano. Waliojua kupasua pembe nyembamba bila kuivunja na bila kuipoteza hawakupata shida kuhamia kwenye vibonyezo watengenezaji wa piano walipoanza kuvihitaji kwa wingi. Mwaka 1863 karakana kadhaa za familia ziliungana kuwa kampuni ya Pratt, Read huko Deep River. Ivoryton ilikuwa na mshindani wake, Comstock, Cheney, iliyoanzishwa na Samuel Comstock pamoja na George Cheney. Huyu Cheney hakuwa mgeni wa pembe: alikuwa ameishi Zanzibar akizinunua.

Kwa nini Zanzibar? Kwa sababu ya ubora wa pembe, na kwa sababu ya mabaharia wa Salem, Massachusetts.

Pembe ya Afrika Mashariki iliitwa na wafanyabiashara pembe laini. Ilikatika bila kupasuka, ilistahimili majira ya baridi na joto ndani ya nyumba, na weupe wake haukuwa na ukali wa kioo ulio kwenye pembe ngumu za Afrika Magharibi. Mtengeneza piano wa Boston au New York aliitaka hiyo. Na njia ya kuipata ilikuwa imeshafunguliwa. Tarehe 21 Septemba 1833, huko Muscat, Edmund Roberts wa New Hampshire alitia saini mkataba wa urafiki na biashara kati ya Marekani na Seyyid Said bin Sultan, mtawala wa Oman na Zanzibar. Mkataba uliwaruhusu Wamarekani kufanya biashara kwa uhuru katika milki yake kwa ushuru wa asilimia 5. Mwaka 1837 Richard Waters, mtu wa Salem, alifika Unguja akiwa mwakilishi wa kwanza wa serikali ya Marekani, akawa anashughulika kwa ukaribu na Jairam Shivji aliyekuwa amekodishwa forodha ya kisiwa. Miaka mitatu baadaye Seyyid Said aliituma merikebu yake, Sultana, hadi New York, chini ya mjumbe wake Ahmad bin Naaman. Watu wa New York walijazana gatini kumwona. Picha yake iliyochorwa kwa rangi wakati huo, akiwa na kilemba na ndevu, imehifadhiwa hadi leo kwenye jumba la makumbusho la Salem.

Salem ulikuwa mji mdogo wa bandari wenye mitaji mikubwa na kina kidogo cha maji. Meli kubwa za zama mpya zilikuwa zikikimbilia Boston na New York, na biashara ya Zanzibar iliupa mji huo pumzi ya miaka arobaini zaidi. Kitu kilichoshikilia pumzi hiyo kilikuwa kitambaa cha pamba kisichopaushwa, kigumu, kizito, kilichokuja kuitwa merikani kuanzia mwambao hadi Ujiji. Mwaka 1847 kiwanda cha mvuke cha Naumkeag kilianza kusokota na kufuma pamba papo hapo Salem, na sehemu ya vitambaa vyake ilipakiwa melini karibu na mlango wa kiwanda. Merikani ilikuwa nguo ya mwilini, sanda ya maiti, mshahara wa mpagazi na hongo ya mtemi. Henry Morton Stanley alipojiandaa mwaka 1871 kwenda kumtafuta Livingstone, alinunua merikani kwa wingi kwa sababu bila hiyo asingepata chakula wala ruhusa ya kupita.

Hapa ndipo kipande cha shuka kinapozungumza kwa sauti mbili. Kabla ya vita vya wenyewe kwa wenyewe vya 1861 hadi 1865, pamba iliyosokotwa Massachusetts ilichumwa na watumwa weusi wa majimbo ya Kusini. Iligeuzwa kitambaa na wafanyakazi wa viwandani, wengi wao wanawake, wakiwemo wahamiaji kutoka Ireland. Kikavuka bahari mbili na kulipia pembe. Sehemu ya pembe hizo ilibebwa na watu waliokuwa watumwa. Ni vigumu kudhani kwamba mtu mmoja wa wakati ule aliuona mzunguko huu mzima. Vita vilipozuka pamba ikakatika, merikani ikaadimika Unguja, na vitambaa vya Uingereza na baadaye vya Bombay vikachukua nafasi. Wafumaji wa nchi nyingine walijitahidi kuiga uzito na rangi ya ile ya Massachusetts kwa sababu wanunuzi wa bara walikuwa wameshaizoea na waliikagua kwa vidole kabla ya kukubali.

Sandarusi nayo ilikuwamo. Utomvu huo uliogeuka jiwe baada ya kufukiwa karne nyingi, uliochimbwa na watu wa Mrima kwenye mchanga nyuma ya Bagamoyo na Dar es Salaam, ulipelekwa Salem ukiwa bado na gamba lake la udongo. Kiwanda cha Jonathan Whipple mjini humo kiliuosha, kisha ukayeyushwa kuwa vanishi ya magari ya farasi na samani. Mng'ao wa kabati nyingi za Kimarekani za karne ya 19 unatokana na ardhi ya Wazaramo. Nahodha John Bertram, aliyetajirika kwa biashara hii, aliacha jumba la fahari la matofali ambalo warithi wake walilitoa, na mpaka leo ndilo maktaba ya umma ya Salem.

Pembe zenyewe zilikuwa na safari ndefu kuliko zote. Ndovu wa karibu na pwani walipungua mapema, wawindaji wakasogea Unyamwezi, kisha Karagwe, Buganda, na Manyema ambako mfanyabiashara Tippu Tip alijijengea himaya. Kutoka Tabora hadi Bagamoyo ni mamia ya kilomita, na kila pembe ilitembea kwa mabega ya binadamu. Wengi wa wabebaji walikuwa Wanyamwezi, wapagazi wa kazi, waliojivunia uzito waliouweza, waliopatana mshahara na kugoma ulipocheleweshwa. Historia iliwasahau watu hawa kwa muda mrefu ikiwadhani wote walikuwa watumwa. Lakini ni kweli pia kwamba katika misafara ya Manyema, vijiji vilichomwa kwa ajili ya pembe, na mateka walibebeshwa mzigo uliokuwa sababu ya kutekwa kwao. Mambo yote mawili yalitokea, na pembe iliyopimwa kwa frasila pale Unguja haikuwa na alama ya kuonyesha ilifika kwa njia ipi.

Mnunuzi wa Kimarekani aliigonga, akaichungulia ndani ya uwazi wake, akatafuta ufa, akatoa bei. Kutoka hapo ikaenda kwa meli hadi New York, kisha kwa mashua kupandisha Mto Connecticut, na kuanzia miaka ya 1870 kwa reli iliyojengwa sambamba na mto.

Kazi ya kiwandani ilikuwa ya uchoyo wa kiufundi, kwa maana nzuri. Pembe iliwekwa kwenye chumba imara kama cha kuhifadhia fedha. Fundi mzoefu aliikata kwa upana ikawa magogo mafupi, kisha akachora kwa penseli namna ya kuligawa kila gogo ili litoe vipande vingi iwezekanavyo, vya mbele na vya nyuma. Makosa yake yalikuwa hasara isiyorudishika, kwa hiyo kazi hiyo alipewa anayeaminiwa. Misumeno ya mviringo iliyolowanishwa kwa maji ilipasua vipande vyembamba. Vikaloweshwa dawa ya kupausha, kisha vikapangwa kwa maelfu chini ya paa za vioo kwenye nyumba ndefu zilizoelekezwa juani, na huko vilikaa wiki kadhaa vikigeuzwageuzwa hadi vikawa vyeupe sawasawa. Mtu aliyepita Ivoryton angedhani zile nyumba za vioo ni za kuoteshea maua. Baada ya hapo vipande vilichaguliwa kimoja kimoja, nyuzi za hiki zifanane na za jirani yake, ili piano moja isiwe na vibonyezo vya rangi mbili. Vumbi halikutupwa. Wakulima walilinunua wakalitia mashambani, na hivyo mboga za bonde lile zilikua kwa mbolea ya ndovu wa Afrika.

Miongoni mwa mabwana wa pembe wa Deep River alikuwamo George Read, shemasi wa kanisa la Kibaptisti na mpinga utumwa asiyeyumba. Mwishoni mwa miaka ya 1820 alimpokea kijana aliyetoroka utumwa Kusini, Daniel Fisher, aliyefika kwa kupitishwa mkono kwa mkono na watu wenye huruma. Read alimficha na kumpa kazi. Kijana akajiita William Winters, akaishi humo hadi uzeeni, na barabara moja ya mji imepewa jina lake. Ni tendo la ujasiri. Sheria ya nchi ilikuwa upande wa mwenye mtumwa. Na Read huyohuyo aliishi kwa vitana vya pembe. Hakuna haja ya kumfanya mnafiki ili kuielewa habari hii, wala haifai kulifuta la pili kwa sababu la kwanza ni jema. Mtumwa wa Kusini aliweza kubisha mlango wake usiku. Mateka wa Manyema hakuwa na mlango wa kubisha. Kilichomfikia Read ni pembe tu, iliyosafishwa, isiyo na jina la mtu. Umbali ule ndio ulioifanya biashara nzima iwezekane, na kila kibonyezo kiliuficha vizuri zaidi kadiri kilivyopaushwa.

Si kila mtu aliyeufumbia macho umbali huo. Ernst Moore alipelekwa Zanzibar mwaka 1907, akiwa kijana, kununua pembe kwa ajili ya kampuni iliyovilisha viwanda vya Connecticut. Alikaa miaka kadhaa, akanunua pembe nyingi mno. Mwaka 1931 alichapisha kitabu alichokiita Ivory: Scourge of Africa, kinachoeleza kwa mapana gharama ya biashara aliyoishi nayo, watu na wanyama. Jamii ya vijiji vile ilimpata mtu wa kuisimulia kutoka ndani, lakini baada ya kilele cha biashara kupita.

Wakati wa kilele hicho Ivoryton kilikuwa kijiji cha kampuni. Comstock, Cheney ilijenga nyumba za wafanyakazi, na wahamiaji kutoka Italia, Poland, Ujerumani na nchi za Skandinavia waliingia kwa familia. Mwaka 1911 kampuni iliwajengea ukumbi wa starehe. Ukumbi huo ndio baadaye uligeuzwa jumba la tamthilia, na Katharine Hepburn aliigiza humo mwaka 1931 kabla hajawa nyota wa sinema. Jumba lipo na michezo inaendelea.

Upande wa pili wa biashara ulikuwa sebule. Katika nusu ya pili ya karne ya 19, piano ilikuwa dalili kwamba familia imefika mahali fulani. Binti alifundishwa kuipiga, wageni waliketishwa mbele yake, na picha za ndoa zilipangwa juu yake. Wauzaji walikubali malipo ya kidogo kidogo, na kampuni ya Sears iliziuza kwa katalogi hadi kwa wakulima waliokuwa mbali na duka lolote. Piano ikaacha kuwa ya matajiri. Ikaingia makanisani, shuleni, vilabuni, na kwenye nyumba za Wamarekani weusi waliokuwa wametoka utumwani kizazi kimoja tu nyuma.

Scott Joplin alizaliwa karibu mwaka 1868, baba yake akiwa amewahi kuwa mtumwa. Akiwa mtoto huko Texarkana alijifunza kwenye piano ya nyumba ambamo mama yake alikuwa mfanyakazi wa ndani. Mwaka 1899, huko Sedalia, Missouri, kazi yake Maple Leaf Rag ilichapishwa na kuuzwa nchi nzima. Mtindo huo wenye mapigo yanayoruka, uliotoka kwa wajukuu wa Waafrika wa Magharibi, ulichezwa juu ya pembe zilizotoka Afrika Mashariki. Hakuna mwenye kiwanda aliyelipanga jambo hilo. Lakini ndilo lililobadilisha muziki wa dunia, kuliko nyimbo zote za sebuleni ambazo piano zile zilinunuliwa kwa ajili yake.

Redio na santuri zilipoingia nyumbani, piano ilianza kushuka, na mdororo wa uchumi ulioanza 1929 ukaizamisha. Mwaka 1936 mahasimu wawili, Pratt, Read na Comstock, Cheney, waliungana ili wasife. Wakati wa Vita vya Pili vya Dunia mafundi waliozoea vibonyezo walitengeneza ndege zisizo na injini za kubebea askari, kwa kuwa walijua mbao na gundi. Katika miaka ya 1950 plastiki iliiondoa pembe kwenye piano za Marekani. Kiwanda cha matofali cha Deep River, kilichojengwa upya baada ya moto wa mwaka 1881, sasa ni makazi ya watu. Chama cha historia cha mji kinahifadhi vitana, misumeno na vipande vilivyobaki, na kumbukumbu za Pratt, Read ziko katika taasisi ya Smithsonian, Washington.

Piano zenyewe zimebaki, na zimekuwa jambo la kisheria. Biashara ya kimataifa ya pembe ilipigwa marufuku kwa uamuzi wa mwaka 1989, ambao Tanzania na Kenya zilikuwa mstari wa mbele kuupigania. Mwaka 2016 serikali ya Marekani ilibana karibu biashara yote ya pembe ndani ya nchi, ikaacha mlango mdogo kwa vitu vya kale na kwa vitu vyenye pembe isiyofikia gramu 200, kipimo kinachotosha vibonyezo vya piano moja. Anayetaka kuiuza piano ya bibi yake katika jimbo jingine anapaswa kuonyesha umri wake na asili yake. Mafundi wa kukarabati huvunja piano zilizokwisha, wakaweka vipande vyake kwenye visanduku kwa rangi na nyuzi, na kikivunjika kibonyezo kwenye piano nyingine hutafuta humo kinachofanana nacho, kipande cha mbele kwa cha mbele, cha nyuma kwa cha nyuma.